Mdudu, kosa, kasoro au hitilafu? Jina la tatizo huelekeza pa kulisaka

Miezi michache iliyopita nilimsindikiza shangazi yangu hadi kliniki moja isiyo mbali na Nyansiongo, kaunti ya Nyamira. Tulifika asubuhi na mapema, lakini mabenchi yalikuwa yamejaa tayari. Muuguzi akatokea mlangoni na kuita, “Moraa!” Wanawake wawili wakasimama kwa pamoja. Watu wakacheka. “Moraa wa nani?” akauliza muuguzi, kwa maana huku kwetu jina peke yake halitoshi. Akatajiwa jina la mama, akatazama kompyuta, mmoja akaingia na mwingine akaketi.

Muda mfupi baadaye foleni ilikwama. “Mtuwie radhi, sistimu imelala,” muuguzi akasema. Kijana anayeshughulikia kompyuta akaitwa. Mzee mmoja aliyekuwa karibu nasi akamuuliza kulikoni. “Kuna bug, mogaka. Ni kama mdudu ndani ya programu.” Mzee, ambaye ni mkulima wa chai na anayajua mambo ya wadudu, akamjibu bila kusita: “Si mpulizie dawa basi, tuende nyumbani?”

Tulingoja karibu saa mbili. Kijana alipotoka, nilimuuliza alichokipata. Safari hii hakutaja mdudu. Alisema, “Kuna moduli mpya ilipakiwa leo asubuhi. Inagombana na nyingine.”

Msomaji, kauli hizo mbili za mtu mmoja, kuhusu jambo moja, zimenishughulisha tangu siku hiyo. Alipokuwa akimwelezea mzee, kijana alitafsiri neno la Kiingereza. Alipokuwa akieleza alichokiona kwa macho yake, alitumia Kiswahili chake mwenyewe, nacho kikawa sahihi zaidi. Katika makala haya nitafuatilia historia ya maneno tunayoyatumia kuita tatizo la programu, nikiihusisha na historia ya seva zinazopakia moduli zikiendelea kufanya kazi. Dai langu ni kwamba neno ‘mdudu’ hutupotosha, na kwamba Kiswahili kina maneno matatu ya zamani yanayoifanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Tuanze na mdudu mwenyewe. Wengi husimulia kwamba neno hili lilizaliwa tarehe 9 Septemba 1947, katika Chuo Kikuu cha Harvard, nchini Marekani. Mafundi wa mashine iliyoitwa Mark II walimkuta nondo amekwama katika swichi nambari 70, wakambandika kwenye daftari la kazi kwa utepe. Saa iliyoandikwa pale ni saa kumi kasorobo alasiri. Grace Hopper, mmoja wa waanzilishi wa fani ya programu, alipenda kukisimulia kisa hicho, na daftari lenyewe limehifadhiwa hadi leo katika makavazi ya Smithsonian.

Hata hivyo, maneno yaliyoandikwa kando ya nondo yule yanaonyesha kwamba jina lilikuwa limemtangulia. Mwandishi alisema kwamba hicho ndicho kisa cha kwanza cha mdudu halisi kupatikana. Huo ulikuwa utani, na utani huo usingechekesha kama watu hawakuwa wamezoea kuziita hitilafu za mitambo wadudu. Kwa hakika Thomas Edison alilitumia neno hilo katika barua ya mwaka 1878, alipoeleza matatizo madogo madogo yanayojitokeza katika uvumbuzi wowote kabla haujakamilika.

Neno hili halikumpendeza kila mtu. Mwaka 1988 mwanasayansi Mholanzi Edsger Dijkstra aliandika kwamba tuache kuita mambo haya wadudu na badala yake tuyaite makosa. Hoja yake ilikuwa ya kimaadili. Mdudu hujiingiza mwenyewe gizani, mwenye nyumba akiwa amelala. Kosa lina mwenyewe, yaani mtu aliyeliandika. Ukiita kosa lako mdudu, umejivua lawama.

Katika Kiswahili shida inaongezeka. Kwanza kuna upatanisho wa kisarufi. ‘Mdudu’ ni kiumbe hai, kwa hivyo husemwa “mdudu ameonekana”, si “mdudu umeonekana”. Tukilikopa neno hili tunaipa programu kiumbe chenye hiari yake. Pili, katika kliniki maneno ‘mdudu’ na ‘vidudu’ tayari yana kazi nyingine: ndivyo watu wengi wanavyoviita viini vya maradhi. Mgonjwa akisikia kwamba kompyuta yenye rekodi zake imeingiwa na mdudu, ana haki ya kushtuka. Mzee wetu alifanya mzaha, lakini alikuwa amelifuata neno hadi linakoelekea. Penye mdudu, tiba ni kupulizia dawa.

Kiswahili hakina upungufu wa maneno hapa. Kuna ‘kosa’, neno la Kibantu linalofungamana na kitenzi ‘kukosa’. Mwindaji hukosa shabaha. Aliyekosa ni mtu, na kitendo ni chake. Kuna ‘kasoro’, lenye asili ya Kiarabu, ambalo msingi wake ni kupungukiwa. Ndilo tunalolisikia katika ‘kasorobo’, saa iliyopungukiwa na robo. Kisha kuna ‘hitilafu’, pia kutoka Kiarabu, ambalo maana yake ya awali ni tofauti, hali ya kutoafikiana. Watu wakivutana tunasema wamehitilafiana. Redio na televisheni zetu zimelizoesha neno hili masikio yetu kwa kuomba radhi kwa hitilafu za mitambo, hata tukasahau kwamba ndani yake mna ugomvi.

Kosa lina mtenzi, kasoro ina pengo, hitilafu ina pande mbili. Kwa miaka mingi tofauti hiyo isingemsaidia sana fundi wa kompyuta. Zilipokuja seva za moduli, ilianza kuwa na maana.

Seva ni programu inayokaa macho wakati wote ikingoja maombi ya wengine: nipe ukurasa huu, nipe faili ya mgonjwa yule. Seva za mwanzo za wavuti ziliandikwa kama pande moja la mti. Ukitaka kuongeza kazi mpya, unaizima seva, unaubadilisha msimbo wake, unaitengeneza upya na kuiwasha tena. Mwaka 1995 kundi dogo la watumiaji wa seva iliyotoka Chuo Kikuu cha Illinois lilianza kuunganisha viraka vyake, na kazi yao ikawa seva inayoitwa Apache. Mwaka huo huo mmoja wao, Robert Thau, aliisuka upya ikawa na kiini kidogo na moduli zinazozunguka kiini hicho. Toleo la 1.0 lilitolewa Desemba 1995. Ilipofika 1998, toleo la 1.3 liliruhusu moduli zikae katika faili zao zenyewe na kupakiwa seva inapoanza, bila kuijenga seva upya.

Uhuru huo uliifanya kazi ya kusaka makosa kuwa ngumu. Zamani fundi alichukua programu ya kusakia makosa, akaifungua seva, akaweka kituo kwenye mstari anaoushuku ili seva isimame hapo naye aitazame. Moduli inayopakiwa baadaye haimo ndani ya seva wakati fundi anapoanza. Akiuliza, “Iko wapi kazi fulani?” anajibiwa kwamba hakuna kitu kama hicho. Ni kama mtu aliyehesabu walio nyumbani asubuhi, akashangaa usiku kwamba mgeni aliyefika jioni hayumo katika hesabu yake. Ilibidi programu za kusakia makosa zijifunze kuweka vituo vya kusubiri: nitasimama hapo moduli hiyo itakapofika.

Apache ilikuwa na jambo jingine lililowasumbua waandishi wa moduli. Inapoanza, huyasoma maagizo yake mara mbili, na kati ya mara hizo moduli hutolewa na kupakiwa tena. Mwandishi aliyehifadhi kitu ndani ya moduli yake mara ya kwanza hukuta kimetoweka mara ya pili. Hakuna mdudu aliyekila. Mwandishi hakujua desturi za nyumba alimomtuma mgeni wake.

Haya yangebaki kuwa mambo ya mbali kama historia isingepita Eldoret. Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot, kusini mwa mji huo, ulianzishwa mfumo mdogo wa kuweka rekodi za wagonjwa katika kompyuta. Mwaka huo pia ndipo ulipoanza mpango wa AMPATH, uliowaunganisha Chuo Kikuu cha Moi, hospitali ya rufaa ya Moi na Chuo Kikuu cha Indiana katika kuwatibu watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Wagonjwa waliongezeka kuliko uwezo wa mfumo uliokuwepo. Mwaka 2004 Burke Mamlin na Paul Biondich, madaktari wa Taasisi ya Regenstrief kule Indianapolis, walikuja Eldoret, wakaiona hali ilivyo, na kutokana na ziara hiyo likazaliwa wazo la OpenMRS, mfumo huria wa rekodi za wagonjwa. Uliwekwa Eldoret Februari 2006. Kabla mwaka huo haujaisha ulikuwa umefika Rwinkwavu nchini Rwanda.

OpenMRS imeandikwa kwa lugha ya Java, na tangu siku zake za awali imetegemea moduli. Sababu yake ni rahisi kuielewa. Kliniki ya Eldoret na ya Rwinkwavu zinahitaji kiini kimoja: mgonjwa, ziara, kipimo, dawa. Hata hivyo fomu, ripoti na taratibu zinatofautiana. Kwa hivyo kila mahali hupakia moduli zake, na msimamizi anaweza kuziongeza seva ikiwa tayari inafanya kazi. KenyaEMR, mfumo ulioanza mwaka 2012 na unaotumika katika vituo vingi vya afya nchini, ni OpenMRS iliyosheheni moduli zilizoandikwa kwa mahitaji ya Kenya.

Sasa tuyarudie maneno yetu matatu, kwa kuwa katika seva ya namna hii kila moja lina mahali pake.

La kwanza ni kosa. Tuseme msimamizi ameiondoa moduli ya zamani ili aweke mpya. Mwandishi wa ile ya zamani alianzisha kazi ya nyuma ya pazia na akasahau kuandika agizo la kuisimamisha. Moduli imeaga, lakini mizigo yake ingali sebuleni, na Java haiwezi kuifagia kwa sababu kuna aliyeishikilia. Ukirudia kuondoa na kuweka mara kadhaa, hifadhi ya seva inajaa na kila kitu kinasimama. Hilo ni kosa hasa; kuna mtu aliyepaswa kuandika mstari mmoja na hakuuandika. Dawa yake ni kumrudia mwandishi.

La pili ni kasoro. Kila moduli huja na maelezo ya inachohitaji: toleo fulani la OpenMRS, moduli nyingine fulani, maktaba fulani. Kisichopatikana kikihitajika, seva hulalamika kwamba imeitafuta klasi fulani isiione. Klasi katika Java ni ramani inayotumiwa kuundia vitu. Hapa huenda hakuna mstari hata mmoja ulioandikwa vibaya. Kuna pengo, kama robo inayokosekana katika saa. Dawa yake ni kuziba pengo, na fundi anayepekua msimbo kumtafuta mkosaji anapoteza siku yake bure.

La tatu, na gumu zaidi, ni hitilafu. Katika OpenMRS kila moduli hupewa kipakizi chake, yaani kiungo kinacholeta klasi zake. Nayo Java ina kanuni ambayo wengi huigundua kwa machozi: klasi haitambuliwi kwa jina peke yake, hutambuliwa kwa jina pamoja na kipakizi kilichoileta. Moduli mbili zikija kila moja na nakala yake ya maktaba moja, kutakuwa na klasi mbili zenye jina lile lile, herufi kwa herufi, ambazo kwa Java ni vitu viwili tofauti kabisa. Moduli ya kwanza ikiikabidhi ya pili kitu chake, ya pili inakikataa. Ujumbe unaoandikwa kwenye daftari la matukio unaweza kumfanya fundi adhani amerukwa na akili, kwa sababu unasema kwamba kitu cha aina fulani hakiwezi kuchukuliwa kuwa cha aina hiyo hiyo.

Jambo hili liliwahi kuwahangaisha wenye Java wenyewe. Mwaka 1997 mtafiti Vijay Saraswat alionyesha kwamba klasi mbili zenye jina moja, zikiletwa na vipakizi viwili, ziliweza kuichanganya Java hadi ikavunja ahadi yake ya kutochanganya aina za vitu. Mwaka uliofuata Sheng Liang na Gilad Bracha walichapisha makala yaliyoeleza jinsi vipakizi vinavyopaswa kuwekewa masharti, na toleo la 1.2, lililotoka mwishoni mwa 1998, likaja na marekebisho hayo. Tangu hapo Java haichanganyi majina hayo, hukataa waziwazi. Kukataa huko ndiko tunakokuona kliniki kwa sura ya foleni iliyokwama.

Basi, msomaji, mdudu yuko wapi hapa? Ukiichukua moduli ya kwanza peke yake, ni nzima. Ukiichukua ya pili peke yake, ni nzima vilevile. Kila mwandishi ataapa kwamba kwake mambo yalikuwa sawa, na atakuwa anasema kweli. Tatizo halimo ndani ya yeyote kati yao. Limo baina yao. Anayesaka mdudu atapekua kila chumba na kutoka mikono mitupu. Anayesaka hitilafu, kwa maana ile ya asili, huuliza ni nani na nani hawaelewani. Kijana wa kliniki aliposema “inagombana na nyingine” alikuwa ameifikia maana hiyo bila kamusi.

Hata mbinu za kusaka zinafuata mantiki hiyo. Kwanza soma daftari la matukio kuanzia chini, utambue moduli iliyofika mwisho kabla ya kasheshe kuanza. Pili, zima moduli moja moja. Ikiwa seva inapona ukizima ya kwanza, na inapona vilevile ukizima ya pili huku umeirudisha ya kwanza, usimshtaki yeyote bado, umeshapata ugomvi. Tatu, unganisha programu ya kusakia makosa na seva ikiwa inaendelea kufanya kazi, uweke kituo cha kusubiri pale vitu vinapokabidhianwa. Kituo kikifika, usikiulize kitu jina lake, kwa maana jina tayari linadanganya. Kiulize kimeletwa na kipakizi gani. Mwishowe patanisha: acha nakala moja tu ya maktaba, mahali ambapo moduli zote mbili zinaiona.

Liko swali la haki: kama maneno tunayo, mbona hayatumiki? Sehemu ya jibu imo katika historia ya istilahi zetu. Kamati iliyoundwa mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili ilikuwa na kazi ya tahajia, kamusi na vitabu vya shule. BAKITA, lililoundwa Tanzania mwaka 1967, lilikabidhiwa kuratibu istilahi wakati kompyuta zilikuwa bado mashine za nadra katika Afrika Mashariki. Kazi kubwa ya kompyuta ilikuja mwaka 2004, mwaka ule ule wa wazo la OpenMRS, pale mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zenye menyu za Kiswahili. Ilikuwa hatua ya kujivunia. Hata hivyo kazi za namna hiyo humlenga mtumiaji: fungua, hifadhi, chapisha. Fundi anayehangaika nyuma ya pazia hakuwa mlengwa, na hadi leo hujifunza kwa Kiingereza, kisha huwatafsiria wazee mabenchini akiwa na haraka.

Wapo wanaosema kwamba hakuna haja, fundi aseme tu ‘bug’ na ‘kudibagi’ maadamu kazi inaendelea. Sina ugomvi na ukopaji. Katika makala haya nimetumia ‘seva’, ‘moduli’ na ‘klasi’ bila haya, kwa sababu ni majina ya vitu vilivyotujia na majina yao. Lakini tatizo halikutujia kutoka nje. Watu wamekosea, wamepungukiwa na wamehitilafiana tangu zamani, na lugha imeyapa mambo hayo majina tofauti kwa sababu suluhisho zake ni tofauti. Tukiyafunika yote kwa mdudu mmoja tunatupa maarifa ambayo tayari tulikuwa nayo.

Pendekezo langu kwa walimu wa kompyuta katika shule na vyuo vyetu ni dogo. Mwanafunzi anapoleta programu iliyokwama, asiulizwe kama amempata mdudu. Aulizwe: hili ni kosa, ni kasoro, au ni hitilafu? Atalazimika kufikiri kabla ya kujibu, na akifikiri vizuri atakuwa ameimaliza nusu ya kazi.

Shangazi alihudumiwa adhuhuri. Tulipokuwa tukitoka, yule Moraa wa pili alikuwa bado anangoja. Muuguzi akaita tena, na safari hii hakuita “Moraa” tu. Alitaja na jina la mama yake.